Dakta Krapf: Aliyestaafu na Kamusi Mkononi

Kila mwaka chama chetu cha Kiswahili hutoa jarida hili, na kila mwaka wanachama huandika wasifu wa mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wengi humchagua Shaaban Robert au Muyaka bin Haji, na si vibaya, manake hao ni nguzo za lugha yetu. Mimi mwaka huu nimemchagua mtu ambaye hata Mswahili hakuwa. Alikuwa Mjerumani, mmishonari, na alikaa kwetu pwani muda usiofika miaka kumi. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf.

Najua utasema, ah, huyo tunamjua! Ni yule wa kitabu cha historia, aliyeuona mlima Kenya. Sawa kabisa. Lakini habari za mlima ni za ujana wake. Mimi nataka kukusimulia habari za uzee wake, ambazo katika vitabu vyetu vya shule hazipewi hata nusu ukurasa. Sababu zangu nitazitaja mbele, utaziona zina uzito.

Alikotoka na alivyofika Mombasa

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma, akapenda sana lugha, kisha akaingia kazi ya umishonari. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia, akakaa huko miaka kadhaa mpaka akazuiwa kuendelea. Hapo ndipo alipoamua kujaribu njia ya kusini, yaani pwani yetu.

Mwanzoni mwa mwaka 1844 aliteremka Unguja. Sultani Seyyid Said alimpokea na kumpa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa barua hiyo Krapf akaja Mombasa na kukaa. Alikuwa na umri wa miaka 34, na alikuja na mkewe, Rosine, ambaye alikuwa mja mzito.

Haukupita muda homa ikawashika. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache tu mama na mtoto wote wakafariki. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani hajiwezi. Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya maji. Ukitoka kwetu Tononoka ukapita Buxton, ukavuka daraja la Nyali, huko ndiko liliko kaburi hilo, na mnara wa kumbukumbu ya Krapf nao uko upande huo huo. Wengi wetu twapita kila siku ndani ya matatu wala hatugeuzi shingo.

Mtu mwingine angefunga virago. Krapf alibaki, akashika kalamu. Hata kabla ya msiba huo alikuwa ameanza, mwezi wa Juni, kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kadhi mmoja wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, alimsaidia. Hebu fikiri: kadhi Mwislamu na mmishonari Mkristo wameketi pamoja, wanatafuta neno linalofaa. Kila mmoja alikuwa na dini yake na hakuna aliyeiacha. Kilichowakutanisha hapo ni lugha.

Tuseme kweli hapa, isije ikadhaniwa kwamba Mzungu ndiye aliyewafundisha watu wetu kuandika. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya kuzaliwa Krapf. Tenzi zilikuwapo, mashairi yalikuwapo. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, hizi tunazotumia leo. Na maneno yote aliyoyaandika aliyapata kwa watu wa hapa hapa. Jasho la kuyapanga lilikuwa lake, lakini mali ilikuwa yetu.

Miaka ya mbio

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani, mdogo wake kwa miaka kumi. Wakahamia Rabai. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwezi wa Mei 1848. Krapf naye, akiwa Ukambani katika mji wa Chifu Kivoi, aliuona mlima Kenya mwezi wa Desemba 1849. Wenyeji walikuwa wakiijua milima hiyo tangu babu na babu, ila Ulaya ndiko habari zilikokuwa mpya. Na huko Ulaya wakubwa wa jiografia waliwacheka! Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta, ati hawa wamishonari wana homa ya kichwa. Ilipofika mwaka 1862, msafiri mwingine, Baron von der Decken, alipanda sehemu ya Kilimanjaro akathibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Katikati ya safari hizo Krapf hakuacha maneno. Mwaka 1850 alitoa huko Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo orodha ya maneno ya lugha sita za upande wetu, zikiwemo Kiswahili, Kinyika, Kikamba na Kipokomo. Alikusanya pia miswada ya tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1854 akaipeleka mjini Halle, Ujerumani, ili ihifadhiwe. Mmoja katika miswada hiyo ni Utendi wa Tambuka.

Lakini mwili ulikuwa umechoka. Homa za miaka mingi, safari za miguu, njaa ya porini, yote yalidai haki yake. Mwaka 1853 aliondoka Afrika ya Mashariki. Akajaribu tena kwenda Uhabeshi, afya ikakataa. Mwaka 1855 akarudi kwao moja kwa moja, akakaa katika mji mdogo uitwao Korntal, karibu na Stuttgart. Umri wake ulikuwa miaka 45 tu.

Naam, hapa ndipo vitabu vyetu vinapomwacha. Ameondoka, basi. Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado!

Miaka 26 ya Korntal

Tangu 1855 hadi alipokufa mwaka 1881 ni miaka 26. Yaani muda alioishi baada ya kuacha kazi ya huku ni karibu mara tatu ya ule alioishi pwani. Swali langu lilikuwa: alifanya nini siku zote hizo, mtu asiye na afya, katika mji wa baridi, mbali na watu wanaozungumza lugha aliyoipenda?

Kwanza aliandika habari za safari zake. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Kisha mwanzoni mwa 1862, umri unakaribia miaka 52, akarudi Mombasa! Alikuja kuwaonyesha njia wamishonari wa Kimethodisti, ambao walijenga kituo chao Ribe, na mmoja wao alikuwa Thomas Wakefield. Alipohakikisha wamesimama, akarudi kwao. Halafu mwaka 1867, akiwa na miaka 57, Waingereza walipopeleka jeshi Uhabeshi kumwendea Mfalme Tewodros, walimchukua awe mkalimani kwa kuwa alijua Kiamhari. Afya ikamrudisha nyumbani kabla mambo hayajaisha. Katika miaka ya 1870 alishughulika na kusahihisha na kuchapisha maandiko ya Kiamhari na Kioromo. Mzee hakai!

Hata hivyo, kilichonigusa mimi zaidi si safari. Ni jambo la Rebmann.

Rebmann alibaki Rabai miaka 29, tangu 1846 hadi 1875, bila kurudi kwao. Alipoondoka, macho yake yalikuwa yamekufa. Alirejea Ujerumani kipofu, akakaa Korntal karibu na rafiki yake wa zamani. Tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki. Aliacha miswada, na mmoja ulikuwa wa lugha ya Kinyasa, yaani ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, aliyoipata kwa mtu mmoja aliyekuwa mtumwa, jina lake Salimini. Sasa Krapf, umri wake unaingia 67, afya mbovu, kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili haijachapishwa, akafanya nini? Akaushika kwanza mswada wa marehemu, akautengeneza, ukatoka mwaka 1877 kwa jina la Rebmann. Kazi ya mwenzake ikatangulia yake.

Baada ya hapo ndipo kamusi ya Kiswahili. Kamusi si hadithi, huwezi kuiandika kwa pumzi moja. Ni neno moja, maana yake, mifano yake, kisha neno jingine. Hakukuwa na kompyuta. Kila sahihisho ni kuandika tena kwa mkono. Na yeye alikuwa akifanya kazi hiyo mbali na Mombasa, hana jirani wa kumwuliza kama neno hili lasemwa hivi au vile, isipokuwa karatasi zake za zamani na kumbukumbu zake.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa katika chumba chake, amepiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayesali. Alikuwa na miaka 71. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata, 1882, kurasa zaidi ya 400. Hakuiona kwa macho yake.

Je, alipoteza wakati?

Mtu anaweza kuuliza hivyo, na swali lina haki yake. Kwani kamusi ilipotoka, dunia ilikuwa imekwisha badilika. Krapf aliandika hasa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1870 Askofu Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake kilichofuata Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichokuwa kikienea bara pamoja na misafara. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa, ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na tahajia yake Krapf haikufuatwa. Hata jina la lugha aliliandika kwa namna ambayo leo mwanafunzi akiiandika atakatwa alama!

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 1925 Canon Harry Binns, ambaye naye aliingia pwani hii katika miaka ya 1870, aliipanga upya kamusi ya Krapf na kuitoa tena. Piga hesabu mwenyewe uone Binns alikuwa ameshinda huku miaka mingapi kufikia hapo. Mzee mmoja amemaliza kazi ya mzee mwenzake, kama vile Krapf alivyomaliza ya Rebmann. Kisha mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Johnson, ile kubwa iliyotumika shuleni kwa miaka mingi, nayo ilimtegemea Krapf kwa maneno mengi. Na leo mtaalamu anayetaka kujua watu wa Mombasa walisemaje miaka 180 iliyopita, hana budi kumfungua Krapf. Sisi wenyewe twasikia bibi zetu wakisema mato badala ya macho, mtele badala ya mchele, ndia badala ya njia, nti badala ya nchi. Mwalimu darasani atasahihisha, na ni kazi yake kusahihisha. Lakini maneno hayo si makosa. Ni Kimvita, na bahati yake kiliwahi kuandikwa kabla ya hao waliokuwa wakikisema kuondoka.

Kwa hiyo mimi nasema hakupoteza wakati. Ila faida yake haikuja kwake, ilikuja kwetu.

Kwa nini nimeyaandika haya

Sasa zile sababu nilizoahidi. Babu yangu alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Kabla ya hapo, ujanani, alisafiri na majahazi. Twakaa naye hapa Tononoka. Tangu kustaafu siku zake ni zile zile: kuamka, chai, barazani, kahawa, kurudi ndani. Ukimwomba jambo, jawabu lake ni kwamba yeye zamu yake imekwisha, sasa ni zamu ya vijana. Anayasema kwa utani, lakini utani huo mimi haunichekeshi, manake naona kila mwezi anakuwa mdogo zaidi ndani ya kiti chake.

Na babu huyu huyu, ukimgusa mambo ya bahari, hufunguka kama tanga! Atakuambia foromali ni ule mti unaobeba tanga, mkuku ni ule mti mrefu wa chini ambao chombo chote kimeujengea, omo ni mbele, tezi ni nyuma, na kukalafati ni kuziba nyufa za mbao maji yasiingie. Sisi wajukuu tulikuwa hatuna hata neno moja katika hayo. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko usipokwaruliwa hukauka ukatupwa pamoja na jungu.

Nilimsomea habari za Krapf jioni tatu. Hakusema mengi. Aliuliza tu yule Rebmann alipofuka macho akiwa na umri gani, nikamwambia alirudi kwao ana miaka 55. Akanyamaza, akahesabu vidole, akasema yeye ameshampita kwa mbali na mato yake bado yaona. Kesho yake baada ya swala ya alasiri aliniita nilete daftari. Tangu siku hiyo yeye hutaja, mimi huandika. Siku nyingine maneno matano, siku nyingine moja, siku nyingine hakuna ila hadithi. Na nikikosea tahajia hakubali, hurudia mpaka nipate. Majuzi alimwita mzee mwenziwe wa barazani wabishane juu ya kamba moja ya jahazi, inaitwaje na inafungwa wapi. Walibishana mpaka magharibi! Mimi nilifurahi kuliko kama ningeshinda mpira.

Kutokana na maisha ya Krapf na haya ya babu, nimejifunza mambo matatu, nami nawapa wenzangu na walimu wangu.

La kwanza, kustaafu ni kuacha ajira, si kuacha kazi. Ajira mtu hupewa na mtu mwingine, na aliyeitoa anaweza kuitwaa. Kazi mtu hujipa mwenyewe. Krapf homa ilimnyang'anya pwani, haikumnyang'anya maneno.

La pili, mtu mzima hukua bado. Krapf wa miaka 39 alikuwa mtu wa kukimbilia milima na kutaka njia ipasuliwe hadi kati ya Afrika. Krapf wa miaka 67 aliweza kukaa kitako, akaweka kitabu chake kando, akamaliza cha rafiki. Subira ile hakuja nayo Mombasa mwaka 1844. Aliipata uzeeni. Basi tusiwatazame wazee wetu kama watu waliokwisha pikwa wakaiva.

La tatu, mzee anahitaji kijana wa kushika kalamu, na kijana anahitaji mzee wa kutaja. Krapf alimpata kadhi wa Mombasa, Rebmann alimpata Salimini na mwishoni akampata Krapf mwenyewe. Hakuna aliyefanya peke yake. Tukiwaacha wazee barazani na simu zetu tukazishika chumbani, hasara ni ya wote wawili.

Naomba basi chama chetu kifikirie jambo hili katika mkutano ujao: kila mwanachama amwendee mzee mmoja, awe mvuvi, fundi seremala, mpishi wa maharusi, mshona kofia au kuli wa zamani wa bandarini, ampatie maneno ishirini ya kazi yake pamoja na maana zake. Tuyakusanye, walimu watusahihishie, na jarida la mwaka ujao liwe na kurasa za maneno hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu hii wenyewe wanaondoka mmoja mmoja.

Atakayekubali anione wakati wa mapumziko. Daftari la pili limeshanunuliwa.